Mtabibu wa Kichina, ulimi wako na magonjwa ya kinga: maswali na majibu

Nilikwenda kliniki ya Kichina kwa maumivu ya viungo. Mtabibu akaniambia nitoe ulimi, akautazama, akasema kinga yangu inaushambulia mwili. Kweli hilo linaonekana kwenye ulimi?

Kwa ulimi peke yake, hapana. Magonjwa ambayo kinga hugeuka na kuushambulia mwili iliopaswa kuulinda ni mengi: baridi yabisi, lupasi (lupus, unaoweza kushambulia ngozi, viungo na figo), kisukari cha aina ya kwanza na mengine. Mengi hayaachi alama yoyote kwenye ulimi. Ila usiwacheke haraka. Yapo machache ambayo ulimi huyasema, nitayafikia.

Wao wanatazama nini hasa?

Tiba ya Kichina ina njia nne za kumchunguza mgonjwa: kumtazama, kumsikiliza na kumnusa, kumuuliza, na kumshika mapigo ya mkono. Ulimi uko kwenye kutazama. Unakaa penye mwanga wa mchana, unautoa bila kuukaza, kisha unaurudisha upesi, maana ukikaa nje sana hubadilika rangi. Anaangalia rangi ya nyama, unene, mipasuko, alama za meno pembeni na utando wa juu. Ncha huhesabiwa kuwa ya moyo, pembeni ni ini, katikati tumbo na wengu, nyuma kabisa figo.

Elimu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1341, enzi ya Yuan, tayari China ilikuwa na kitabu chenye picha 36 za ndimi, na kilihusu magonjwa ya homa. Kinga kujishambulia ni wazo la karne ya 20. Mtabibu wa jadi husema joto, ukavu, unyevu, damu kutuama. Huyo wako alianza na lugha moja akamalizia na nyingine, na hapo katikati hakukuwa na kipimo.

Ni magonjwa gani ya kinga ambayo ulimi huyaonyesha?

La kwanza ni ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933. Kinga hushambulia tezi za mate na za machozi. Ulimi hukauka, hupasuka mistari, vinundu vyake hulika ukabaki laini na mwekundu. Mgonjwa hawezi kumeza mkate mkavu bila maji, na usiku huamka kunywa. Macho yanamkereketa kama yana mchanga. Hospitalini huwekewa kikaratasi kwenye kope la chini kwa dakika 5. Kikilowa milimita 5 au pungufu, machozi ni haba. Hufuata kipimo cha damu, na pengine kukatwa kinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini.

La pili ni upungufu wa damu unaotokea kinga inaposhambulia tumbo, mwili ukashindwa kufyonza vitamini B12. Ulimi huwa mwekundu, laini, unawaka, na vidole vya miguu hufa ganzi. Lakini ulimi wa namna hiyo hata mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma anaweza kuwa nao.

Lupasi nayo huleta vidonda mdomoni, mara nyingi kwenye kaakaa, na huenda visiume.

Na ulimi wangu una mabaka kama ramani.

Mara nyingi hayana neno. Huhamahama yenyewe na hayahitaji dawa. Tambuu, kahawa, sigara, vidonge vya kuongeza damu na antibiotiki navyo hubadilisha rangi ya ulimi.

Basi si utumike angalau kuwachuja watu?

Tupige hesabu ya mfano tu. Watu 1,000, wagonjwa 10. Tuseme ulimi unawanasa 8, lakini katika wale 990 wazima unamtuhumu mmoja kwa kila watano: watu 198. Waliotuhumiwa jumla ni 206, wagonjwa wa kweli 8. Wengine wote wamelala na hofu bure. Tena watabibu wawili wakitazama ulimi mmoja, mara nyingi hawakubaliani.

Mwaka 2024 watafiti wa Iraq na Australia walitangaza kompyuta inayotambua rangi ya ulimi kwa usahihi wa asilimia 98. Habari ilisambaa sana. Ila iliyopimwa ni rangi, kwa picha 60 tu za wagonjwa, na haukuwa uchunguzi wa magonjwa ya kinga.

Alinipa dawa za unga. Nizinywe?

Subiri kwanza, peleka pakiti hospitali. China kuna mmea uitwao leigongteng, unaotumika kwa baridi yabisi na kweli hupunguza uvimbe, lakini unaweza kudhuru ini, figo na uzazi. Kama tayari unatumia prednisolone, dawa ya hospitali ya kutuliza kinga na uvimbe, usiikatishe ghafla kwa ushauri wa mtu yeyote.

Nianzie wapi?

Kwa daktari, na maelezo yako. Mwambie kama asubuhi viungo hukakamaa zaidi ya saa moja, kama huvimba, kama una upele usoni unaozidi juani. Vikivimba, vipige picha kwa simu, maana siku ya miadi huwa vimenywea. Kipimo cha ANA, yaani cha damu cha kutafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, usikinunue mwenyewe maabara: hata watu wenye afya kabisa wapo ambao majibu hutoka chanya. Na ulimi mwonyeshe pia, lakini siku hiyo usipitie kwenye kahawa.