"Ya asili? Ya mwaka gani?"

Leo Jumatano, na tangu Jumamosi nimeshaisikia hiyo "ya asili" mara nne. Msichana anaingia, anaamkia vizuri, anakaa kwenye kigoda, anatoa simu. Kwenye kioo kuna picha ya rangi ya kahawia, mwanamke wa Unguja aliyefariki kabla bibi yake mwenye simu hajazaliwa. Kisha linakuja lile neno: "Fundi, nataka kama hii. Iwe ya asili, isichanganywe na mambo ya nje."

Nina miaka 26 kwenye cherehani hapa Ng'ambo, mjini Unguja, na nimeshona karibu kila kitu kinachovaliwa shughulini. Siku hizi kila harusi inataka usiku mmoja wa kizamani, na mimi nashukuru, riziki inapita hapo. Lakini kuna mambo wateja wanayaamini kuhusu nguo za zamani ambayo nimechoka kuyajibu huku nina pini mdomoni. Bora niyaandike.

Dhana: Lipo vazi la asili la Kizanzibari ambalo mgeni hakulitia mkono

Hii ndiyo inayonipandisha presha. Tuchukue kanga, maana hakuna nguo tunayoidai kuwa yetu kama hiyo. Ni yetu, sibishani na mtu. Ila haikuota mnazini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua leso, na leso ni neno la Mreno, kitambaa cha mkononi. Zilikuja zimeshikana kwenye jora, muuzaji anakukatia unazotaka. Mtu akinunua sita, anazishona tatu juu tatu chini, anapata nguo moja kubwa ya kujifunga. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari, na kwa vile zile za mwanzo zilikuwa na madoa meupe, watu wakaifananisha na yule ndege, kanga.

Ikichapwa wapi? Uholanzi, Uingereza, Uswisi, baadaye India na Japani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968. Kabla ya hapo kwa miaka mingi kanga ilikuwa ikishuka bandarini kutoka kwenye meli kama tende na vyombo vya udongo. Hata jina la kanga, yale maneno yaliyochapwa juu yake, ambalo leo tunagombana kwalo bila kufungua mdomo, halikuzaliwa nayo. Lilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, ndipo zikafuata hizi za Kirumi.

Sasa mteja akifika hapo hunywea, kama kwamba nimemnyang'anya kitu. Sijamnyang'anya. Mholanzi alikuwa na mashine, lakini hakujua anachapa nini mpaka tajiri wa dukani amwandikie, na tajiri hakujua la kuandika mpaka asikie wanawake wa Ng'ambo wanataka nini na wamechoka na nini. Kanga iliyokataliwa na wanawake ilimkalia tajiri ghalani. Mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, pindo lake, jina lake, vyote vilikaa sawa kwa sababu kuna mwanamke wa huku alisema hivi ndivyo. Huo ndio uasili wake kama unautaka, na umejaa mikono ya nje kutoka upindo hadi upindo.

Mwaka jana alikuja bibi harusi mmoja na mpambaji wake. Wametaka nguo za wasindikizaji wote ziwe za pamba nzito isiyotiwa rangi, ile yenye weupe wa maziwa yaliyochacha, "kama merikani, ionekane ya kifahari ya zamani." Nikamuuliza mpambaji: mwanangu, unajua merikani alivaa nani? Merikani ilikuja kwa wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao wa Salem kule Massachusetts, ambao walikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, tangu 1833. Ilikuwa nguo rahisi. Waliivaa watumwa na mafukara. Ilipotiwa nili ikawa kaniki, nayo ikavaliwa na watu walewale. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka 1861 merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Lakini jina likabaki, na hadhi yake ya chini ikabaki nayo.

Soko la watumwa la Mjini lilifungwa 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa 1897. Wale wanawake walipoanza kujimiliki, kitu cha mwanzo walichokitupa mwilini ni merikani na kaniki. Wakanunua kanga, za rangi, za maua, mpya kila walipopata senti. Basi leo mjukuu wao anakuja na shilingi laki kadhaa kununua uzee wa nguo ambayo bibi aliivua kwa furaha. Niliwashonea, maana nina kodi ya kulipa. Ila nilisema.

Ndiyo maana mtu akiniambia "ya asili" siku hizi namrudishia swali moja: ya mwaka gani? Ya 1860, kabla ya kanga? Ya 1910? Ya 1950, bibi anapojifunga kanga iliyochapwa Japani? Mabibi zetu hawakuwa wakivaa zamani. Walikuwa wakivaa kilichoingia juzi, na aliyejifunga mtindo wa mwaka uliopita alitazamwa vibaya uani kama unavyotazamwa wewe leo.

Dhana: Picha ya zamani inaonyesha watu walivyokuwa wakivaa

Picha inayoletwa kuliko zote ni ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, na kanzu yake fupi na suruali yenye marinda miguuni. Wateja huniambia, "tazama fundi, hivi ndivyo walivyokuwa wakikaa kasri." Picha ile imepigwa Hamburg, Ujerumani. Salme alizaliwa 1844, akaondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani, na alipokaa mbele ya mpiga picha yule nguo zake za kila siku zilishakuwa gauni za Kizungu. Siku ile alizivaa nguo za kwao ili apigwe picha. Mimi nikiitazama namwona mtu kama wewe, mbali na zama zile, anazivaa kwa hamu.

Na zile za studio za Mji Mkongwe, kama ya Gomes na ya ndugu Coutinho, nyingi ziligeuzwa kadi za posta wakauziwa wasafiri wa meli. Mwanamke kasimamishwa, kapangwa mikono, kawekewa pazia nyuma. Shona ukitaka, mimi nachukua vipimo, lakini usiniambie bibi alikuna nazi na vile vikuku vyote.

Dhana: Abaya jeusi ni lile lile buibui la tangu na tangu

Hapana. Buibui lenyewe lilienea hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na sababu ya kuenea kwake ni ile ile ya kanga: zamani mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake, na kizuizi kilipoondoka kila mwanamke alitaka stara ile ile. Lilikuwa pana, kitambaa kimeshonwa mviringo, unakivuta na kukishika kwa mkono. Abaya lenye mikono iliyokatwa na kupambwa shanga ni mtindo wa Ghuba, umetuingilia miongo hii ya karibuni. Yote mawili ni meusi, basi.

Ukitaka kujua umeshika lipi, litandike sakafuni. Buibui la kale halina bega.

Dhana: Vijana wa zamani walivaa kwa heshima, si kama hawa

Wanaosema hivi ni wazee wenzangu, na baadhi yao nimeona picha zao. Suruali ya bugaluu, pana chini ya kufagia njia, raizoni miguuni, vile viatu vya soli nene, shati limebana vifungo vinalia. Waliiga walichokiona kwenye sinema pale Majestic. Dar es Salaam vijana wa chama cha TANU walitangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa 1968 kupiga marufuku mini, mawigi na suruali za kubana. Huku visiwani nako baada ya Mapinduzi nguo hizo zilipigwa vita. Hupigi vita kitu ambacho hakivaliwi. Mzee mmoja alinijia na mjukuu wake nimpunguzie suruali upana, "hii si adabu." Nikamuuliza yake ya 1972 ilikuwa na inchi ngapi chini. Akacheka mpaka akakaa.

Dhana: Fasheni hurudi ile ile, kwa hivyo usitupe kitu

Wapo walioweka masanduku mazima kwa imani hii. Wanafungua, wananiletea, "fundi punguza tu pembeni." Nguo hairudi ile ile. Kinachorudi ni kumbukumbu yake, na kumbukumbu huchagua. Bugaluu za leo zina mpira ndani ya kitambaa, zinavutika pajani. Zile za zamani zilikuwa tetroni kavu, ukikaa vibaya inachanika. Kiuno kimehama, bega limehama, na matiti ya leo yanashikiliwa na sidiria za umbo jingine, kwa hivyo hata mishono ya kifuani ya gauni la mama yako haikai mahali pake kwako.

Hata wakubwa wa kazi hii hufanya hivyo. Februari 1947 Christian Dior alionyesha Paris viuno vya kubana na sketi pana zilizomeza mita na mita za kitambaa, baada ya watu kuvaa nguo za mgao wa vita. Alikuwa akiikumbuka mitindo ya wakati wa ujana wa mama yake. Dunia ikasema ni sura mpya, na kweli ilikuwa mpya, kwa sababu hakuna aliyerudi kwenye maisha ya mama yake Dior.

Basi sanduku weka, ila weka kwa ajili ya kitambaa, pindo na kazi ya mkono. Darizi nzuri naweza kuibandua na kuihamishia nguo nyingine. Kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono weka milele, maana ile ilimla mtu wiki kadhaa na ya mashine haifiki hapo. Gauni zima la 1985 lenye mabega ya sponji, mpe mtoto achezee.

Na jambo la mwisho, ambalo si dhana ya historia lakini linanitoa machozi kuliko zote: "Kanga mpya haina haja ya kufuliwa kabla ya kushonwa." Kanga mpya imejaa dondo, ule wanga wa kiwandani. Ikitoka maji ya kwanza inanywea na rangi inashuka. Kuna mteja wangu alikataa kunisikia, akataka gauni la kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa haraka, na bitana nyeupe ndani. Siku ya shughuli alipendeza. Alipolifua, bitana ikawa ya waridi na urefu ukapanda juu ya kifundo. Alinirudia akinilaumu mbele ya wateja watatu.

Tangu siku hiyo kanga isiyolowekwa siikati. Yule wa asubuhi, wa picha ya Salme, nimemwambia akaloweke doti zake mbili kwa maji na chumvi, azianike kivulini, anirudie kesho. Suruali ya marinda nitamshonea. Amekubali pia tuweke zipu.