Methadoni: maswali tunayoulizwa na mateja na wazazi wao

Je, kumpa teja methadoni si kumtoa kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine?

Wazazi ndio huuliza zaidi, na wana haki. Methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini ili aachane nayo, na heroini yenyewe ni ndugu, zote za jamii ya afyuni. Tofauti iko kwenye saa. Unga, yaani heroini, huisha mwilini baada ya saa chache, arosto (maumivu ya kuikosa) ikaanza, na teja akatoka kutafuta kete nyingine kwa njia yoyote. Dozi moja ya methadoni, inayonywewa mbele ya muuguzi, hushika siku nzima. Sindano hakuna, kwa hiyo hakuna ya kuazimana, na VVU na homa ya ini aina ya C hukosa njia.

Ilianza lini kwetu?

Tanzania, Hospitali ya Muhimbili, Februari 2011. Kenya ikafuata Desemba 2014.

Mbona kila siku kliniki?

Kwa sababu kikombe kinachomtuliza mraibu kinaweza kumzimia pumzi mtoto aliyekikuta mezani.

Natumia dawa za kifua kikuu. Arosto imerudi!

Hujaibiwa dozi, ingawa wengi hudhani hivyo. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, huifanya methadoni iishe haraka mwilini. Mwambie daktari akupandishie dozi. Usijazie kwa valiamu wala pombe. Mchanganyiko huo huua usingizini.

Nikikamatwa je?

Hapa sheria na tiba hugombana, na anayeumia ni mgonjwa. Siku kadhaa mahabusu bila dozi, mwili hupoteza uzoefu wake wa kuhimili dawa. Mtu akitoka na kurudia kipimo chake cha zamani cha unga, kinaweza kumuua. Ureno waliliona hili mapema: tangu Julai 2001, anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hupelekwa mbele ya tume ya watu watatu badala ya mahakamani. Kuuza bado ni jinai. Umoja wa Mataifa ulichelewa mno, kwa maoni yangu: ni Machi 2024 tu, mjini Vienna, Tume yake ya Dawa za Kulevya ilipopitisha azimio linalotaja "kupunguza madhara", yaani kumkinga mtumiaji hata kabla hajaacha, tena kwa kura, Urusi na China zikipinga.

Ukikamatwa, sema mapema kwamba uko kwenye methadoni, na ndugu yako aipashe kliniki habari. Ukitoka, pitia kliniki kabla ya maskani, utaje siku zote ulizokosa. Dozi itaanzishwa chini, na usiku wa kwanza hautakuwa rahisi.