Geti wazi, choo kimefungwa: hifadhi za Marekani serikali ikifungwa

Ikikaribia tarehe 1 Oktoba, simu yangu haipumziki. Siku hiyo ndipo mwaka wa fedha wa serikali kuu ya Marekani unapoanza, na Bunge lisipopitisha matumizi, idara nyingi hazina ruhusa ya kutumia hata senti; ndiko kunakoitwa serikali kufungwa. Ninaowapangia safari ni familia za Kitanzania, Kikenya na Kikongo zinazoishi Texas na Ohio, na swali lao ni lilelile: "Kaka, Grand Canyon iko wazi?"

Huwa nawauliza na mimi: wazi kwa lipi?

Kazi hii niliianzia Kilimanjaro, nikiwa mgumu wa kubeba mizigo. Kule usipojiandikisha getini hupandi. Ndiyo maana wengi wetu tunadhani hifadhi ya Marekani nayo inapigwa kufuli ikawa basi. Lakini Great Smoky Mountains, kwa mfano, haina kiingilio, na barabara kuu inakatiza katikati yake. Utaifungaje?

Mwaka 2013 serikali ilipofungwa, walijaribu. Kwa siku 16 maeneo yote 401 ya Huduma ya Hifadhi za Taifa yalifungwa. Watu waliokuja na kibali cha kushuka Mto Colorado ndani ya Grand Canyon kwa mitumbwi ya mpira, kibali kinachotolewa kwa bahati nasibu, walirudishwa pale Lees Ferry, safari inapoanzia, na mizigo yao. Mwishowe jimbo la Arizona lilitoa dola 93,000 kwa siku ili Grand Canyon ifunguliwe.

Kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019, siku 35, wakafanya kinyume chake: hifadhi nyingi ziliachwa wazi, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Takataka zilifurika. Yosemite ililazimika kufunga baadhi ya sehemu kwa sababu ya kinyesi cha watu. Joshua Tree magari yalitoka barabarani yakakanyaga jangwa, na miti iliyoipa hifadhi jina iliharibiwa, miti inayorefuka sentimita chache tu kwa mwaka. Serikali ilipochota akiba ya viingilio ili isafishe vyoo, ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilisema baadaye kwamba huko ni kuvunja sheria. Mimi ningefunga. Mteja akininunia wiki mbili nitamrudishia pesa yake, lakini mti ule siwezi kuurudisha.

Mwaka 2025 serikali ilifungwa siku 43, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Barabara na njia za miguu kwa jumla zilikuwa wazi, ila vituo vingi vya wageni vilifungwa, isipokuwa pale jimbo lilipotoa pesa, kama Utah ilivyofanya. Askari wa hifadhi wachache walibaki kazini, tena bila mshahara kwa wakati huo. Ukimkuta mmoja, msalimie vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha gari, jua ardhi ni ya nani. Hifadhi za taifa, misitu ya taifa na ardhi za BLM (idara inayosimamia ardhi ya umma) zote ni za serikali kuu, na zote huguswa. Hifadhi za jimbo kwa kawaida haziguswi. Familia ikikwama katika mji wa Moab, naipeleka Dead Horse Point, ambayo ni ya jimbo la Utah: unasimama ukingoni na kuuona Mto Colorado ukijikunja chini yako, na kuna mtu getini wa kumuuliza njia. Hoteli nyingi ndani ya hifadhi huendeshwa na kampuni binafsi, basi pigia hoteli yenyewe.

Linalonitia hofu zaidi ni uokoaji. Ukivunjika mguu bondeni siku ya kawaida, kuna mtu wa kuja. Serikali ikifungwa anaweza kuja pia, ila amechelewa, na huenda ndiye huyohuyo anayelinda eneo zima. Katika siku hizo sivuki kilomita tano na wateja wenye watoto, hata wakibembeleza.

Getini kukiwa hakuna wa kupokea dola 35 za gari, usifurahi mapema. Nunua maji, mifuko mikubwa ya taka, ile mifuko maalumu ya kubebea kinyesi, na karatasi ya choo. Mwaka 2025 karatasi yangu iliisha siku ya pili, na garini nilikuwa na watoto sita.