Maharage chenga kwa nguruwe: moto hauondoi tanini

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wafugaji wa Ilemela, Misungwi na Magu mkoani Mwanza yanafanana: nguruwe wa kilo 20 hadi 50 wanakula vizuri, hawaharishi, ila uzito hauongezeki. Ukiuliza wanalishwa nini, unaambiwa pumba za mahindi na maharage chenga ya sokoni. "Lakini tunayachemsha, mtaalamu."

Kuchemsha ni lazima, hilo halina mjadala. Moto unaharibu lektini (sumu ya asili ya maharage) na vizuizi vya vimeng'enya, yaani vitu vinavyozuia visaga-chakula vya tumboni, ambavyo hufanya maharage mabichi yamdhuru nguruwe. Tanini ni suala jingine. Imo kwenye ganda, zaidi kwa maharage mekundu, meusi na ya kahawia. Meupe yana kidogo sana. Tanini ndiyo ile inayokaza ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Hushikana na protini ya chakula, hushikana pia na vimeng'enya vilivyotumwa kuisaga, na sufuria haiivunji vya kutosha. Kwa hiyo protini ya maharage inapita bila kutumika, na ile ambayo nguruwe ametoa mwilini mwake kama vimeng'enya na ute inapotea nayo.

Hapa ndipo tunapobishana na wafugaji kila siku. "Nimeangalia mavi, hayana vipande vya maharage." Mavi hayasemi kitu! Nguruwe hufyonza asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, kwenye utumbo mwembamba. Zinazobaki huliwa na bakteria wa utumbo mpana, na naitrojeni (kiambato cha protini) inayofyonzwa huko hutoka zaidi kwenye mkojo bila kujenga nyama. Ndiyo maana watafiti hupima asidi amino zilizobaki mwishoni mwa utumbo mwembamba. Vivyo hivyo kipimo cha protini ghafi cha maabara: kinahesabu naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, basi. Maharage yenye asilimia 22 yatasomeka 22 hata kama nguruwe anafaidi sehemu tu.

Dawa yake ni kukoboa. Ganda likitoka, tanini nyingi imetoka. Asiyeweza kukoboa achague maharage meupe, ayaloweke usiku kucha, amwage maji hayo (wengine wanapikia yaleyale), kisha achemshe hadi yaive kabisa. Kwa nguruwe wa chini ya kilo 50 tunashauri yasizidi kilo 10 katika kila kilo 100 za mchanganyiko. Kati ya asidi amino, maharage yana lisini nzuri lakini methionini ni haba, hivyo dagaa wanahitajika kuiongeza, na wawe waliokaushwa kwenye chanja. Wanaoanikwa chini huja na mchanga, nanyi mnaulipia kwa kilo. Mtama mwekundu nao unaweza kuwa na tanini, kwa hiyo kuuchanganya na maharage mekundu ni kuongeza tatizo juu ya tatizo.

Kwa wanaochanganya chakula na kukiuza: Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 inawahusu, hata kama mashine iko uani. Usajili unatakiwa kabla ya kuuza, na adhabu zimo ndani ya sheria na kanuni zake. Kutokujua si utetezi. Wengi huanza kututafuta baada ya mkaguzi kufika, wakati huo hatuna msaada mkubwa.

Mfugaji mwenye shaka na chakula alichonunua aanze kwa afisa mifugo wa kata. Sampuli ichukuliwe kwenye magunia kadhaa, juu, katikati na chini ya kila gunia. Ichanganywe kwenye turubai safi, igawanywe mafungu manne, mafungu mawili yanayotazamana yabaki na mengine yaondolewe, kisha irudiwe hadi ibaki takriban kilo moja. Igawanywe sehemu mbili kwenye mifuko miwili mikavu na kufungwa mbele ya muuzaji ikiwezekana. Kila mfuko uandikwe tarehe, jina la chakula, mahali kiliponunuliwa na namba ya toleo, na risiti iambatanishwe. Mfuko mmoja unakwenda maabara, wa pili unahifadhiwa endapo kutakuwa na ubishi. Ukiomba kipimo cha protini ghafi, omba na cha mchanga na cha unyevu. Konzi moja ndani ya mfuko wa sukari haitapokelewa.