Je, wajua kwa nini risotto inakusubirisha dakika 20 kwenye mgahawa wa kifahari Milano?

Ukikaa kwenye mgahawa mzuri pale Milano, Italia, ukaagiza risotto, ule wali wao wenye rojo zito, usishangae weita akikwambia itachukua kama dakika 20 hivi, na menyu nyingi zinaandika kabisa kwamba inapikwa kuanzia watu wawili. Mtu lazima ajiulize, jamani si wali tu, na bei yote hii, hawakuwa nao tayari jikoni? Hawakuwa nao, na hawatakiwi kuwa nao, sababu yote iko kwenye wanga wa ule mchele.

Sisi mchele tunaosha, tunarudia tena mpaka maji yawe safi, maana tunataka pilau ichambuke punje moja moja. Waitaliano kwa risotto hawaoshi kabisa! Ule unga mweupe tunaoumwaga na maji ndio mali yenyewe, ndio unaoenda kuwa rojo la risotto. Na sio mchele wowote, jikoni nyingi za hali ya juu wanapenda Carnaroli, mbegu iliyopatikana mwaka 1945 karibu na Milano hapo hapo, punje yake nje inaachia wanga vizuri ila ndani inabaki na ugumu kidogo, haipondeki.

Sasa kazi yenyewe. Mchele unakaangwa mkavu kwenye siagi na kitunguu mpaka punje zipate moto, inaingia waini nyeupe, ikikauka ndio inaanza supu ya nyama, upawa mmoja mmoja huku mtu anakoroga. Supu lazima iwe inachemka, ukitia ya baridi unakata moto wa mchele unaanza upya. Kukoroga kunafanya punje zisuguane ziachie wanga. Risotto ya Kimilano inawekwa na zafarani, ndio ule unjano wake, na gramu moja tu ya zafarani inatoka kwenye maua kama 150 yanayochumwa kwa mkono, kwa hiyo bei usiilaumu sana.

Mwisho ndio mtamu. Sufuria inatolewa motoni, inatulia kidogo, halafu inatiwa siagi ya baridi na jibini ya kukwaruza, Parmigiano au Grana Padano, inapigwa kwa nguvu mpaka siagi, supu na wanga vinakuwa kitu kimoja kizito kinachong'aa. Hatua hii wanaiita mantecatura. Inapakuliwa kwenye sahani bapa, mpishi anagonga sahani kwa chini na risotto inatandaa yenyewe taratibu kama wimbi. Ikisimama kama kichuguu ujue imeshapitwa na wakati wake.

Na inapitwa haraka sana, hapo ndipo jibu lilipo. Hata motoni ikitoka punje zinaendelea kunywa supu, na wanga ukipoa unakaza, dakika chache tu rojo lote limegeuka bonge. Ziko jikoni zinazopika nusu mapema, wanautandaza mchele kwenye trei upoe, oda ikija wanamalizia, na kwa siku yenye watu wengi naelewa, lakini ile iliyoanza mwanzo kwa ajili ya meza yako ina ulaini ambao nyingine haina. Hiyo ya watu wawili nayo ina maana, mchele kidogo kwenye sufuria supu inakauka haraka mno kuidhibiti, na mpishi anasimama pale muda ule ule iwe sahani moja au nne.

Mpishi Gualtiero Marchesi, ambaye mgahawa wake Milano ulikuwa wa kwanza Italia kupewa nyota 3 za Michelin, daraja la juu kabisa la kitabu hicho cha kupima migahawa, miaka ya 80, alipata sifa kwa risotto ya zafarani yenye karatasi ya dhahabu juu. Watu wanaizungumzia dhahabu, ila dhahabu haina ladha yoyote, mimi naona ufundi wake uko kwenye siagi: kitunguu alikipika pembeni kwenye waini, akakichuja, ule uchachu akauchanganya na siagi ya kumalizia, ukila hukuti kipande cha kitunguu hata kimoja.

Ikifika mezani basi anza kula, picha moja inatosha. Tumia uma, anzia pembeni ambako imeshapoa kidogo uende katikati, na kama wameileta pamoja na ossobuco, ule muundi wa ndama, usiache uboho ndani ya mfupa, uchokoe uuchanganye na wali.