Ahadi ya bilionea kwenye daftari la mhazini

Aliyewahi kuwa mhazini wa kamati ya harusi hapa Dar anajua daftari lake lina safu mbili: ahadi na taslimu. Ukumbi haulipiwi kwa safu ya kwanza.

Mimi ni mshauri wa kodi. Juzi mama mmoja anayeendesha kituo cha watoto Mbagala aliniletea bajeti yake. Alikuwa amesikia tajiri fulani katangaza kutoa nusu ya mali yake, akataka kujua fedha hizo zinaanza kutoka lini.

Ahadi ya namna hiyo inayojulikana zaidi ni Giving Pledge, iliyoanzishwa 2010 na Bill Gates, Melinda French Gates na Warren Buffett. Mohammed Dewji wetu alijiunga 2016. Anayejiunga huahidi kutoa walau nusu ya mali yake, akiwa hai au kwa wosia. Si mkataba wa kisheria. Siku ya kutangaza, hakuna senti inayohama wala kodi inayopungua.

Kodi huguswa mali inapohama, na mali hiyo mara nyingi ni hisa. Mmarekani akiuza kwa dola 100 hisa aliyoinunua dola 1, anatozwa kodi kwenye faida ya dola 99. Akiikabidhi kwa taasisi yake ya hisani bila kuiuza, kodi hiyo haimpati. Tena kama hisa ni ya kampuni iliyo kwenye soko la hisa, kwa kawaida thamani yake ya soko huondolewa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, hadi asilimia 20 ya mapato ya mwaka. Sehemu inayozidi hapo husogezwa mbele, ipunguze mapato yanayotozwa kodi hadi miaka 5 inayofuata. Taasisi nayo hulipa kodi ya asilimia 1.39 ya mapato ya uwekezaji, na hutakiwa kutoa kama asilimia 5 ya mali yake kila mwaka.

Hapo ndipo ninapoumia. Tajiri anapata nafuu mapema, mlengwa anasubiri miaka, na hata mishahara ya taasisi inaweza kuhesabiwa ndani ya hiyo asilimia 5. Ndiyo maana namheshimu Buffett: alipoanza kuipa taasisi ya Gates hisa zake 2006, alitaka thamani ya mchango wa kila mwaka itumike yote, ikiwa ni nyongeza ya ile asilimia 5.

Kwetu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inambana mfanyabiashara: mchango wa hisani unaotambuliwa, kwa kawaida, hauvuki asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Na cheti cha usajili wa NGO peke yake hakikufanyi taasisi ya hisani kikodi; kifungu cha 64 kinataka uamuzi wa Kamishna Mkuu wa TRA. Yule mama alikuwa na cheti tu. Tumefuta ule mstari wa bilionea kwenye bajeti, tukaanza kuandika maombi ya TRA.