Je, wajua kwa nini mfalme wa Ufaransa alitafuta mke hadi Kyiv?

Mwaka 1051, mjini Reims, Mfalme Henri wa Kwanza wa Ufaransa alimwoa Anna, binti wa Yaroslav Mwenye Hekima, mtawala wa Kyiv. Bibi harusi alitoka karibu kilomita 2,000. Mabinti wa watawala walikuwepo jirani tu, Ujerumani na Flanders, kwa hiyo posa ya mbali namna hii haikuwa jambo la kawaida.

Sababu inayotajwa sana na wanahistoria ni ukoo. Huku kwetu watu husema binamu nyama ya hamu. Kanisa la Magharibi la karne ya 11 halikutaka kusikia hayo, tena si kwa binamu peke yao: wachumba hawakuruhusiwa kukutana kwenye babu au bibi mmoja ndani ya vizazi saba. Hebu piga hesabu. Wazazi ni 2, wazazi wao 4, juu yao 8, kisha 16, 32, 64, na kizazi cha saba ni watu 128. Mkulima wa kawaida angewajulia wapi wote hao? Lakini wakuu walitunza nasaba zao, na ndio hao hao waliokuwa wakioana wao kwa wao tangu zamani.

Henri alikuwa na mfano nyumbani. Baba yake, Robert wa Pili, aliwahi kumwoa Bertha wa Burgundy. Bibi yake Robert mzaa baba na bibi yake Bertha mzaa mama walikuwa ndugu wa tumbo moja. Papa akaja juu, na mwishowe Robert akamwacha. Sasa Henri mwenyewe amefiwa na mke mwaka 1044, miaka 40 imempita, na hana mtoto wa kiume. Hakuwa na nafasi ya kuoa mke ambaye kesho angeambiwa ni ndugu yake.

Anna alimfaa. Babu yake mzaa baba ni Vladimir, aliyeuingiza Ukristo Kyiv mwaka 988. Mama yake ni Ingegerd, binti wa mfalme Olof wa Uswidi. Dada zake nao waliolewa na wafalme: Elisabeth kwa Harald wa Norwei, Anastasia kwa András wa Hungaria. Wapo wanaompa pia damu ya makaisari wa Constantinople, kwa kuwa Vladimir alioa huko. Ila nasaba inayokubalika zaidi inamtaja Yaroslav kuwa mtoto wa mke mwingine, Rogneda wa Polotsk.

Kwenye hati ya mwaka 1063 ya abasia (nyumba ya watawa) moja ya Soissons, Ufaransa, katikati ya maandishi ya Kilatini, lipo jina la Anna kwa herufi za Kisirili, zile za Waslavi: "Ana", kisha neno la malkia kwa matamshi ya Kifaransa cha siku zile. Mwanawe wa kwanza alimpa jina la Kigiriki, Philippe, lililokuwa adimu kwa wafalme wa Magharibi.

Kinga hiyo ya kuoa mbali haikudumu. Mwaka 1152 ndoa ya kitukuu chake, Louis wa Saba, na Eleanor wa Aquitaine ilibatilishwa kwa hoja ya undugu: wote wawili walikuwa uzao wa Robert wa Pili. Haikupita miezi miwili, Eleanor akaolewa na Henri wa Anjou, jamaa yake mwingine. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa, ukapunguza vizazi saba vikawa vinne.